Yule Dada Wamempeleka Wapi?

Mwaka 1998 nilikuwa nikikaa na shangazi yangu Poplar, mashariki mwa London. Dirisha la jikoni lilitazama mnara wa Canary Wharf, taa yake ikiwaka na kuzima usiku kucha. Shangazi alikuwa akisafisha maofisi kule, kuanzia saa kumi alfajiri.

Jumamosi moja nikaleta kanda ya The Long Good Friday, filamu ya 1980. Nilimwambia itatuonyesha mtaa wetu ulivyokuwa kabla ya maghorofa. Harold Shand, jambazi mkubwa, anataka kuijenga upya bandari iliyokufa kwa pesa za mafia wa Marekani. Bob Hoskins ndiye Harold, na mimi nilikuja kumtazama yeye.

Shangazi alikuwa akichambua mchicha kwenye sinia. Bastola hazikumshughulisha. Aliyemtazama ni Victoria, mwanamke wa Harold. Mabomu yanalipuka, Harold anafoka, na Victoria ndiye anayekaa na wageni, anacheka nao, anawatuliza wasiondoke na pesa zao.

"Huyu ndiye mwenye duka," shangazi akasema.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Helen Mirren, aliyeigiza Victoria, mwenyewe alishikilia nafasi hiyo ibadilishwe, maana alivyoandikiwa alikuwa pambo tu. Wakati ule sikulijua hilo, wala nisingelijali. Nilikuwa nimeshaitazama Get Carter, filamu nyingine ya majambazi, ya 1971, ambamo mwanamke anazama mtoni akiwa amefungiwa kwenye buti ya gari, na Michael Caine, mwigizaji mkuu, anaangalia bila kutikisika. Nikauona ule kuwa ni uanaume.

Mwishoni Harold anatoka hoteli ya Savoy, anaingia garini, kumbe dereva si wake. Kamera inamganda usoni, dakika nzima na zaidi. Hasira, woga, hata tabasamu.

"Tazama uso huo, shangazi!"

"Na yule dada? Wamempeleka wapi?"

Nikamwambia filamu imekwisha. Akanyamaza.

Mjomba, mumewe, alikuwa na duka la spea Mwembe Tayari, Mombasa. Daftari lilikuwa mkononi mwa shangazi. Wadai walipokuja kwa ukali, yeye ndiye aliyewatengea chai, akazungumza nao mpaka wakakubali kungoja. Mjomba alipofariki, shangazi alitoka eda akakuta mlango umetiwa kufuli mpya. Hakuna ndugu wa mume aliyemwonyesha ufunguo.

Aliweka sinia chini, akachukua rimoti, akarudisha kanda nyuma. Akapiga magoti mbele ya televisheni. Gari la pili likapita, Victoria yumo, dirishani, anachukuliwa. Sekunde chache tu. Akarudisha tena. Mara ya tatu akaisimamisha pale pale, picha ikatetemeka, mistari myeupe ikimkata Victoria kifuani.

"Huyu hapa, mwanangu."

Akarudi kwenye mchicha wake, uso wa Victoria ukibaki kwenye kioo cha televisheni, mpaka video ikajizima yenyewe.