Daftari la Waliokosa

Leja ya maktaba inajua kitabu kilichoazimwa, basi. Mtu aliyeingia, akauliza, akaambiwa "hakipo" na akarudi zake mikono mitupu hayumo kwenye leja, na mwisho wa mwezi hayumo kwenye ripoti. Kwa miaka niliyofanya kazi ya ukutubi hapa Mtwara nimefikia kuamini kwamba huyo aliyekosa ndiye anayetuonyesha huduma iende wapi. Nikamfungulia daftari lake. Wenzangu wa mikoa mingine wamekuwa wakiniuliza tulilitumiaje, ndiyo maana naandika.

Maktaba yetu ni ya jamii, ndogo, mjini hapa. Tunashirikiana na vyumba vingine vya kusomea vya aina yetu: Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, Newala, na kwa upande wa mkoa wa Lindi wenzetu wa Mtama. Vingine viko chini ya shule, vingine chini ya parokia, kimoja kiko uani mwa msikiti. Hatuna bosi mmoja. Kinachotuunganisha ni makubaliano, kundi la WhatsApp, na masanduku ya mbao yenye vitabu yanayopakiwa kwenye basi na kuzunguka kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida. Nililipiga mistari safu nne: tarehe, swali, tulichompa, na tutafanya nini. Jina la mtu haliandikwi kabisa. Mji ni mdogo, na mtu anayeuliza habari za talaka, ugonjwa au kiwanja chenye mgogoro akiona jina lake linaandikwa hatarudi tena, na ana haki.

Sharti nililolisimamia kwa nguvu zaidi ni kwamba swali liandikwe kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Mwanzoni wenzangu waliandika kwa mkato: "kilimo", "sheria", "afya". Ukisoma "kilimo" unatazama rafu, unaona ya kilimo imejaa, unajiambia hapo hatuna shida. Kumbe rafu imejaa kahawa, pareto na ng'ombe wa nchi za baridi. Aliyekuja siku ile alikuwa mkulima kutoka Tandahimba, na alichosema ni hiki: "Njomba, maua ya mikorosho yangu yanakauka, yana unga mweupe juu. Nataka kujua nimechelewa au bado." Hilo ndilo swali. Ukilipunguza likawa "kilimo", umelifuta.

Wa kusini mnajua alikuwa anazungumzia nini. Ni ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho, na maua yakishakauka hakuna korosho. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, lakini inapulizwa kwa wakati wake, mti unapotoa majani mapya na maua, si baada ya mti mzima kuwa mweupe. Sisi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, chenye jukumu la utafiti wa korosho kwa nchi nzima, kiko nje kidogo ya mji wetu. Walichokiandika kwa Kiswahili kuhusu ugonjwa huo ni kurasa chache tu. Zilimfaa mkulima yule kuliko rafu yetu nzima.

Tulipokaa mwisho wa mwezi na kuyasoma madaftari ya vyumba vyote kwa pamoja, swali la mikorosho lilikuwa limeandikwa Newala, Nanyamba na Mtama vilevile. Hapo ndipo faida ya kuwa mtandao ilipoonekana. Chumba kimoja kikiulizwa mara moja, utasema ni mtu mmoja na shida yake. Vyumba vinne vikiulizwa jambo lilelile ndani ya msimu mmoja, ni mkoa unauliza.

Mabadiliko yaliyofuata yaligusa kalenda kuliko vitabu. Masanduku yetu yalikuwa yanazunguka kwa kufuata mihula ya shule. Ratiba hiyo ilimfikishia mkulima karatasi za salfa mwezi wa kumi, wakati korosho zimeshaanza kuokotwa. Tukalitenga sanduku moja lifuate mkorosho. Kabla ya upuliziaji linabeba habari za ubwiriubwiri na mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, pamoja na tahadhari za kushika dawa na kufua nguo za kazi. Oktoba minada ya korosho ikianza, sanduku hilohilo linahamia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, mahali ambapo watu wanakaa kwenye foleni ya mizani tangu asubuhi. Hapo linabeba maelezo ya madaraja ya korosho, mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaacha korosho ghalani, anapewa risiti, zinauzwa mnadani) unavyofanya kazi, makato yanatoka wapi, na namna ya kuweka hesabu za nyumbani. Tunaweka na vitabu vya hadithi, kwa sababu watoto huwa wapo. Mtunza ghala mmoja aliniambia foleni ya siku hizi ina kelele kidogo kuliko zamani. Mimi nilichokiona ni kina baba wanaosomeana makato kwa sauti na kubishana mpaka waelewane, na hiyo ni maktaba kamili kwangu.

Januari 2024 daftari lilijaa kitu kingine. Mitaala mipya iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ilianza kutumika, na wanafunzi wakaanza kuuliza somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili. Hatukuwa na hata nakala moja. Vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba mtandao yake, kwa hiyo hapa mjini tulitenga kompyuta moja kwa kazi hiyo tu, kwa zamu. Nanyamba mtoto hana simu ya maana wala bando. Kule tulitumia njia ya polepole: mwalimu wa chumba anakuja na orodha ya mada, anasoma, anaandaa muhtasari, anarudi nao. Vitabu vya mtaala wa zamani hatukuvichoma. Hesabu za sehemu na asilimia hazijabadilika, wala sarufi ya Kiingereza. Vile ambavyo mada zake zimepangwa upya tulivibandika karatasi kwenye jalada la ndani: kurasa hizi bado zinakufaa, hizi ziache.

Kuhusu kompyuta nina msimamo. Sizipingi, lakini napinga kuzitanguliza kabla ya kujua nani anauliza nini. Tuliponunua kifaa cha kwanza tulichagua kompyuta ndogo ya kiganjani inayotoa Wi-Fi bila kuhitaji intaneti. Ndani yake tuliweka Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, na masomo ya bure kwa programu ya Kolibri. Msomaji anaunganisha simu yake na kusoma, senti haimtoki. Kuna waliotushangaa kwamba tunafanya mambo ya kizamani ilhali 4G ipo. Kisha ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mizigo ikakwama. Mwezi huohuo nyaya za mawasiliano za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Vitabu tulivyokuwa tunavisubiri havikuweza kufika, na mtandao nao haukuwepo. Kile kiboksi mezani kwetu kiliendelea kufanya kazi, na wanafunzi wa chuo waliokuwa hawajawahi kuingia kwetu walikijua wiki ile.

Jambo lililoombwa mara nyingi kuliko yote halikuwa kitabu. Kwenye madaftari yote liliandikwa kwa namna mbalimbali, lakini maana yake moja: nafasi ya kukaa na taa. Vijana wa kidato cha nne wanaishi kwenye vyumba vya watu sita, redio inaimba, kibatari kinafuka. Wanakuja na madaftari yao wenyewe. Vitabu vyetu hawavigusi, ila wanataka meza. Sisi chumba tulikuwa tumekijaza rafu.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye mabishano makubwa. Ili benchi liingie, rafu itoke, na ili rafu itoke, vitabu vipungue. Wenzangu kadhaa waliona kutoa kitabu ni dhambi, na ninawaheshimu kwa hilo, kwa kuwa wamekulia mahali ambapo kitabu kilikuwa adimu. Lakini kitabu kilichokaa bila kuguswa, hewa yetu ya pwani inakitia ukungu, kisha kinaambukiza jirani yake, na mchwa wakiingia hawachagui. Tulikubaliana kuulizana maswali matatu juu ya kila kimoja: habari zake bado ni za kweli? Kuna mtu hapa anaweza kuuliza jambo lililomo? Kuna nakala nyingine kwa mwenzetu? Vitabu vya shule za ng'ambo vinavyofundisha fedha zao na historia za majimbo yao viliondoka bila ubishi. Vya tiba vya zamani niliviondoa mwenyewe, maana kipimo cha dawa kilichobadilishwa kinaweza kumdhuru mtu.

Kuna mpaka ambao sikukubali uvukwe. Chochote kuhusu kusini kinabaki, hata kikiwa kimechanika. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilianzia milima ya Matumbi, Kilwa, mkoa wa Lindi wa leo. Mtoto wa hapa akitaka kuvisoma asilazimike kwenda Dar es Salaam. Vivyo hivyo maandishi ya Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua, hata kijitabu cha nyimbo za kanisani. Nakala ya mwisho ndani ya mtandao wetu haitolewi, inahamishiwa kwenye kabati kavu la Newala, maana juu ya uwanda ule hewa si ya chumvi kama huku.

Swali linapotushinda wote, lina njia ya kupandia. Maktaba za umma nchini ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya 1963 na iliyofuata ya 1975. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, na mchapishaji wa nchini anatakiwa kisheria kuwasilisha huko nakala za anachochapisha. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kilichochapwa hapa nchini na kupotea madukani huwa hatukati tamaa nacho. Tunaandika swali vizuri, na jina la mchapishaji kama lipo, tunauliza kwa njia hiyo. Kinachosaidia ni swali lililoandikwa vizuri. Hapa tena yale maneno ya muulizaji yanatufaa.

Nieleze moja la sheria, kwa kuwa ndilo nililohofia zaidi. Mama mmoja aliuliza kama shamba la mikorosho alilolima na marehemu mumewe linaweza kuandikwa jina lake. Mkutubi si wakili, na sikutaka tugeuke mawakili wa kaunta. Tulimtolea Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, tukamwonyesha mahali inaposema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, pamoja na sehemu ya hati ya hakimiliki ya kimila. Tukasoma naye polepole. Kisha tukamwelekeza kwa msaidizi wa kisheria. "Mwanangu, nipigie kopi hiyo karatasi, nikaisome na shemeji zangu," alisema. Tangu siku hiyo kila sanduku linabeba kurasa hizo.

Wazee nao walikuwa na lao. Wengi walijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970 na wanapenda kusoma mpaka leo, ila maandishi ya magazeti hawayaoni. Tunawachapia habari chache kwa herufi kubwa kwenye karatasi za A4, na Jumamosi kijana mmoja wa kidato cha nne anawasomea kwa sauti. Gharama ni wino. Sijui kwa nini tulisubiri daftari lituambie.

Sasa hivi safu ya pili ina swali ambalo hakuna chumba chetu kinachoweza kulijibu. Mzazi wa Mikindani ana binti asiyeona, anajua nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, anataka hadithi za Kiswahili za kusoma likizo. Hatuna hata moja. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unafungua njia ya kuchapa vitabu kwa nukta nundu au kuvitoa kwa sauti kwa ajili ya wasioona, pasipo kuomba ruhusa ya kila mwenye hakimiliki. Kwa hiyo tumegawana kazi: Mtama wanaandika barua kwa shule zenye mashine za nukta nundu, Newala wanatafuta wasomaji wenye sauti nzuri, na sisi tunarekodi hadithi za kwanza kwenye kile kiboksi kabla shule hazijafungwa.