Jinsi nilivyotatua mgogoro wa maficho katika klabu yetu ya kuwinda bata

Klabu yetu hukodi kwa pamoja mashamba ya mpunga karibu na Stuttgart, jimboni Arkansas, Marekani, ambayo baada ya mavuno hujazwa maji ili bata wanaohama kutoka kaskazini watue na kula punje zilizosalia. Kodi tunachangia sawasawa, lakini maficho mazuri, yaani sehemu ambazo wawindaji hujibanza wakisubiri bata, yalichukuliwa na wale wale waliofika usiku wa manane, na kwa kuwa bunduki zililia kutwa, bata walihamia kwa majirani kabla msimu haujafika katikati.

Kabla ya kuhuisha mkataba, nilipendekeza kanuni mbili. Kwanza, maficho hupangwa kwa kura jioni ya kuamkia mawindo: vibao vyenye namba hutiwa ndani ya ndoo, na aliyekosa maficho mazuri wiki hii hutangulia kuchomoa wiki ijayo. Ya pili ilipingwa sana, nami naiona ndiyo yenye uzito zaidi: ingawa sheria inaruhusu kuwinda tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama, sisi hunyamazisha bunduki saa sita mchana, na shamba moja, ambalo maji yake hufika kwenye kifundo cha mguu tu, haliingiwi na mtu yeyote msimu mzima.

Bata walianza kurejea alasiri, wakatua kwa makundi katika shamba lile tulivu, na alfajiri wakatawanyika kuelekea maficho yetu. Sasa wengi wetu hufikia kikomo cha kisheria cha bata 6 kwa siku mapema asubuhi, na ugomvi wa kugombea maficho getini umekwisha.