Kinda Ameachwa Peke Yake

Jumamosi usiku

Leo, kwenye kamera ya mtandaoni ninayotazamia kiota cha albatrosi, wale ndege wakubwa wa baharini, mzazi ameondoka bila kumsubiri mwenzake. Tangu kinda aanguliwe mwishoni mwa Januari, kiota hakijawahi kukosa mlinzi: mmoja akirudi kutoka baharini ndipo mwingine anapoondoka. Usiku huu, saa tatu kwetu Mombasa, kule kwenye kilima cha Taiaroa Head karibu na mji wa Dunedin, New Zealand, ni saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Jike akainuka, akatembea polepole hadi kwenye mteremko, akatandaza mbawa zinazokaribia mita tatu, upepo ukamchukua. Kinda akabaki katikati ya majani, mweupe pe, kama furushi la pamba lililosahauliwa.

Najua ndivyo ilivyo kwa albatrosi wa kifalme. Humlinda mtoto kwa wiki tano hivi, kisha njaa yake inakua hadi hakuna mzazi mmoja anayeweza kuitosheleza; lazima wote wawili wakavue. Kuanzia sasa hadi Septemba atakuwa anatembelewa tu. Mmoja atatua, kinda atagongagonga mdomo wa mzazi, atatapikiwa ngisi na samaki waliokwisha lainika, basi, safari tena. Kujua hayo hakukunipunguzia wasiwasi hata kidogo.

Mama alikuja kuketi nami akauliza, "Na babake yuko wapi?" Nikamwambia yuko baharini, huenda ameshatoka zamani, huenda yuko njiani. Akanyamaza. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na sisi tulilelewa na mama kwenye subira hiyohiyo. "Usimhesabie siku, mwanangu," akasema. "Utajichosha bure."

Kinda huyu hayuko peke yake kabisa, na hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Walinzi wa Idara ya Uhifadhi ya New Zealand, walioweka kamera hii mwaka 2016, hupita kumpima uzito, na akipungua humwongezea chakula. Joto likizidi hunyunyiza maji, maana ndege hawa wameumbiwa baridi. Yai linapokaribia kupasuka huwa macho na nzi, wasije wakataga kwenye ganda na funza wakamla kinda kabla hajatoka. Sehemu kubwa ya albatrosi hawa huzalia Visiwa vya Chatham, mashariki ya New Zealand, mbali na watu. Hapa penye mji jirani, bila mkono wa binadamu wasingedumu. Zamani mayai yaliibwa, mbwa wakaua. Mwaka 1937 Lance Richdale, mtafiti wa ndege, alipiga kambi palepale kulinda kiota, na 1938 kinda wa kwanza akaruka. Mwaka huohuo wa 1937 alimvisha pete ya utambulisho mguuni jike aliyekuja kuitwa Grandma. Alionekana mara ya mwisho 1989, akiwa na zaidi ya miaka 60. Mtu mmoja na hema lake! Kila nikitazama kilima hiki namfikiria.

Lakini kamera inaonyesha nchi kavu tu, na maisha ya ndege huyu yako kwenye maji. Akiruka Septemba atavuka Pasifiki kuelekea pwani za Amerika Kusini, na itapita miaka minne, mitano au zaidi bila miguu yake kukanyaga ardhi. Huko ndiko wanakofia, kwenye mishipi mirefu ya meli za uvuvi: ndege anafuata chambo, ndoana inamnasa, anazama nayo. Na dawa inajulikana: kutega usiku, kuongeza uzito kwenye mishipi izame upesi, kufunga tepe za kuwatishia ndege nyuma ya meli. Inaniuma kwamba jambo jepesi kiasi hicho bado halifanywi na kila meli.

Kinda amelala sasa, mdomo ameuficha ubavuni. Mama amekwenda kulala pia, ila ameniagiza: yeyote kati ya wale wawili akirudi, baba au mama, nimwamshe.