Jinsi nilivyotatua hesabu za samaki zisizokubaliana

Programu niliyomwandikia mama mmoja muuza samaki hapa Tanga ilipishana na daftari lake kila jioni. Siku tatu nilipekua msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kosa silioni. Ya nne nikaiacha kompyuta, nikaenda naye sokoni Deep Sea alfajiri, nikawa nachora kila hatua: samaki wanatoka kwa nani, nani anaandika, pesa inaingia lini.

“Mwanangu, hapa watu wanakopa,” akaniambia. Wengine hulipa jioni, wengine nusu nusu. Nami nilikuwa nimeweka mauzo na malipo kwenye jedwali moja!

Nikatenga majedwali mawili, yameunganishwa kwa namba ya mauzo, ili uuzaji mmoja ubebe malipo mengi. Jioni ile haikupungua hata shilingi.