Mawe ya Kibosho

Siku moja ya Aprili, masika ya 2012, mama aliyekuwa akitutunzia vipimo kihambani kwake, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, huko Kibosho alipiga simu Moshi mjini saa kumi na dakika ishirini jioni. "Njooni mbio wanangu, mawe ya mvua yameanguka, mengine bado yako chini ya migomba." Tulikuwa tukichunguza mvua kali za mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Tukapakia boksi la barafu, rula, kisu, silinda ya kupimia na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto.

Kihambani palikuwa na vipimamvua viwili. Cha mkono kilikuwa cha bati, mdomo wenye upana wa sentimita 12.7, ukingo wake sentimita 30 kutoka ardhini, umesawazishwa kwa pima maji. Cha pili kilikuwa mashine ya vikombe viwili vya kupokezana: kila kikombe kinapopinduka, inaandika milimita 0.2.

Baada ya shikamoo hatukukaa. Kwanza mawe. Tuliokota yaliyokuwa majanini, si yale ya kwenye tope, tukayapima upana na kuyatia kwenye boksi. Makubwa yalifika sentimita mbili. Moja tulilikata kwa kisu kilichopashwa moto: kiini cheupe, duara angavu kama kioo, kisha nyeupe tena. Weupe ni hewa iliyonaswa maji yalipoganda ghafla. Uangavu ni maji yaliyoganda taratibu, hewa ikapata nafasi ya kutoka. Anga yetu hufikia nyuzi sifuri kati ya mita 4,500 na 5,000, na Kibosho iko kwenye mita 1,400 hivi. Jiwe lina safari fupi ya kuyeyuka. Linaloangukia pwani lina safari ndefu zaidi, mara nyingi hufika likiwa tone.

Kisha tukageukia vipimamvua. Faneli ya cha mkono ilikuwa imejaa barafu hadi nusu. Kosa ambalo watu hulifanya hapa ni kuchokonoa barafu kwa kijiti au kuitupa, na ile barafu ni mvua. Tulipima mililita 300 za maji ya moto, tukayamimina polepole juu yake, tukangoja yote yashuke chupani. Ndani tulikuta mililita 785. Ukitoa 300 zinabaki 485, na kwa mdomo wa upana ule, milimita moja ya mvua ni mililita 12.67. Jibu ni milimita 38.3. Asiyeandika kiasi cha maji aliyoongeza amekiharibu kipimo, na hakuna namna ya kukirudisha.

Mashine ndiyo iliyotusumbua, nayo hatukuitia maji ya moto, maana yangeandikwa kama mvua. Faneli yake ni fupi. Mawe yalikuwa yamerundikana, mengine yakaporomokea nje, yaliyobaki yakaziba tundu. Tulipokuwa tumesimama pale, jua limeshatoka, vikombe viliendelea kupinduka kimoja kimoja hadi karibu saa kumi na mbili. Tulipoifungua kumbukumbu yake ilisomeka milimita 29.6 za mvua ya taratibu, iliyodumu kama saa mbili. Mtu wa ofisini angeiamini, na dhoruba ile isingekuwepo kabisa kwenye hesabu zake.

Muda wa kweli tuliupata kwa mama.

"Yalianza redio ikiwa bado haijatoa habari za saa kumi," alisema, "na habari zilipokwisha yalikuwa yamekatika."

Alitupeleka kwenye mibuni. Buni changa za kijani zilikuwa zimetapakaa chini, na magome ya upande wa mashariki yamechubuka. Hilo nalo tuliliandika, kwa sababu michubuko inaonyesha upepo ulitoka wapi. Kwenye daftari lake, mstari wa siku ile, akaandika kwa mkono wake: mvua ya mawe, kabla ya saa kumi hadi saa kumi na dakika kumi, barafu kwenye faneli, maji ya moto ml 300 yametolewa.