Jumamosi ya mama mchungaji: sufuria ya mtori na sauti ya pili

Watu wakiniuliza siku ngumu nyumbani kwa mchungaji ni ipi, hutegemea niseme Jumapili. Jumapili tunavuna. Siku ya kulima ni Jumamosi, na hii ninayoisimulia ni ya leo. Juma zima mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwisho wa juma ni mwalimu wa kwaya kuu ya usharika wetu wa Kilutheri huku Old Moshi. Katikati ya kazi hizo mbili kuna jiko.

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka kwenye migomba. Ukitoka ndani kwenda jiko la nje unafika na matone kwenye kilemba. Jiko la gesi tunalo, la chai na uji, lakini mtori wa Jumamosi, supu nzito ya ndizi na nyama, naupikia kwenye mafiga kwa sababu sufuria yake ni ile ya harusi, na mifupa inataka moto mdogo usio na haraka.

Nyama ilikuwa tayari. Uchagani kisu cha nyama ni cha mwanamume, na Baba Mchungaji huikata Ijumaa usiku huku akijaribia mahubiri kwa sauti. Nimeyasikia mahubiri yake mengi kwa mara ya kwanza pale kwenye kigogo cha kukatia nyama. Akikwama, kisu nacho kinasimama, nami najua hapo bado hajapaona vizuri. Ijumaa hii kisu kilisimama mara nyingi.

Nikaweka mifupa ya kifua, maji, chumvi na kitunguu kizima. Mtori hautaki viungo vingi. Nikafunika, nikasukuma kuni nyuma kidogo.

Saa 12 na nusu

Chai, viazi vitamu vya jana, kisha sala. Kila asubuhi tunaimba beti mbili kabla mtu hajatoka nyumbani, na tunaimba kwa sauti zote tulizo nazo. Baba Mchungaji yuko besi, sauti nene ya chini. Mimi naimba sauti ya kwanza, binti yetu wa miaka 14 sauti ya pili chini yangu, na kitinda mimba anadandia popote. Kifungua mimba wetu ndiye aliyekuwa “tena”, yaani sauti ya juu ya kiume. Sasa yuko Makumira, upande wa Arusha, anasomea muziki katika Chuo Kikuu cha Tumaini, na tangu aondoke meza yetu ina shimo mahali pa tena. Nalisikia shimo hilo kila asubuhi, hasa mwisho wa ubeti, pale sauti zote zinapotakiwa kukaa.

Asubuhi hii binti alianza vizuri, akafika mstari wa tatu, akaja kwangu. Aliiacha sauti ya pili akaungana na ya kwanza bila kujua. Simlaumu. Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, ndiyo watu wanayoondoka nayo kanisani wakiipiga mluzi njiani. Ya pili hakuna anayeondoka nayo. Lakini iondoe uone jinsi wimbo unavyobaki mifupa mitupu.

Saa 2

Kumenya ndizi. Hapa ndipo siku yangu ilipo, kwa hiyo nivumilieni.

Ndizi za mtori ni mshare. Bahati yetu kihamba, shamba la nyumbani, cha nyumba ya mchungaji kina migomba ya kutosha, na pale tunapopungukiwa kuna mama wa usharika atakayepita na mkungu kichwani bila kuombwa. Unapaka mafuta mikononi kwanza, la sivyo utomvu utakaa kwenye vidole mpaka Jumatano. Unakata ncha zote mbili, unapasua ganda kwa urefu, unalivua kwa ubapa wa kisu. Ndizi inaingia kwenye beseni la maji papo hapo isije ikawa nyeusi.

Tulikuwa watatu: mimi, binti, na mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Bibi anamenya ndizi mbili wakati mimi namenya moja, na haangalii mikono yake. Nikamwambia binti, “Sasa imba sauti ya pili kwa nota. Do ni F. Usiseme maneno kabisa, nota tu.” Nikaimba ya kwanza juu yake.

Nimeligundua jambo hili kwa miaka: mtoto akisimama mbele yangu na karatasi, sikio lake linanifuata mimi. Mpe kisu na ndizi, mikono ipate kazi, na sikio linatulia. Mara ya kwanza alipotea. Mara ya pili akapotea palepale, pale sauti ya pili inaposhuka kutoka la kwenda fa wakati ya kwanza inapanda. Mara ya nne akapita. Bibi hakusema kitu, alisogeza tu beseni karibu naye.

Nota hizi za do re mi kwaya zetu nyingi hazijui kuishi bila hizo, na nafurahi kila ninapokumbuka zilikotoka. Mchungaji wa Uingereza, John Curwen, ndiye aliyezieneza katika karne ya 19, lakini alizijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, aliyekuwa binti wa kasisi na akiwafundisha watoto kuimba. Nilimsimulia binti yangu. Aliacha kumenya akauliza, “Binti wa kasisi kama mimi?” Nikamwambia ndiyo, kama wewe.

Bibi naye akachangia lake. Yeye hajui kusoma nota hata moja, ila anashika sauti ya pili ya wimbo wowote akishausikia mara mbili. Wamisionari wa Leipzig walifika Uchagani mwaka 1893, wakaanzia Machame, wakaja na nyimbo za sauti nne na baadaye matarumbeta. Lakini wanawake wa mlima huu walishakuwa wakiimba mashambani, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Bibi alijifunza kuitikia kabla ya kujifunza kuimba kwaya, naamini hapo ndipo sikio lake lilipotengenezwa. Alituimbia wimbo mmoja wa Kichagga wa kupalilia. Binti aliuitikia huku akicheka kwa furaha, na ndizi zikaisha.

Saa 4

Kiboriloni kwa daladala: karoti, vitunguu, nyanya, tangawizi, magadi. Baba Mchungaji alikuwa darasani na watoto wa kipaimara. Nilirudi nikakuta kitinda mimba amelinda moto vizuri.

Saa 6 mchana

Nyama ilikuwa inaachia mfupa. Nikaitoa, nikaweka ndizi kwenye supu ileile pamoja na karoti, viazi mviringo vichache na nyanya. Dakika 40 hivi, zikaiva za kupondeka. Kuponda ni kwa mwiko, ndizi zikiwa bado za moto, unazungusha na kukandamiza ukutani mwa sufuria mpaka uwe laini. Nyama uliyoichambua inarudi mwisho.

Sasa nieleze kwa nini nahangaika hivi. Wanakwaya wetu ni 31. Jumamosi wanatoka shamba, wengine sokoni, wengine msibani, na wapo wanaofika mazoezini saa tisa na nusu wakiwa na chai ya asubuhi tu tumboni. Miaka sita iliyopita, kwenye usharika tuliokuwa kabla ya huu, tuliimba Pasaka beti tatu bila kinanda, na ubeti wa nne kinanda kikaingia kama tulivyopanga. Kikatukuta sauti zetu zimeshuka karibu nusu toni. Nilisimama mbele ya kanisa lililojaa nikitamani ardhi ipasuke. Jioni nikaanza kuwauliza wanakwaya mmoja mmoja, na jibu lililorudi mara nyingi halikuwa la muziki. Walikuwa wamekesha, wakaja alfajiri bila kula.

Kwaya yenye njaa hushuka. Pumzi inakuwa fupi, mi na ti zinaimbwa chini kidogo, na “kidogo” ya watu 31 ni kubwa. Tangu siku ile nikaacha kuhesabu chakula cha kwaya kama ukarimu wa nyumba ya mchungaji. Nakihesabu kama sehemu ya mazoezi, sawa na kupasha sauti. Baadhi ya wazee wa kanisa waliona naongeza gharama, na wana haki ya kuuliza. Lakini ndizi ni za kihamba, na sauti ni za Mungu.

Tumbo likijaa sana nalo pumzi haishuki, kwa hiyo kabla ya mazoezi ni kikombe kimoja tu cha mtori mwepesi. Chakula chenyewe baadaye. Na maziwa siweki kwenye sufuria ya kwaya, waimbaji wengi wanasema yanaacha ute kooni.

Kabla sijaongeza supu, nilichota mtori mzito kwenye hotipoti, nikatia siagi. Huo ni wa mzazi, mama mmoja wa jumuiya yetu aliyejifungua juzi. Mtori wa mzazi Bibi haniachii. Aliuonja, akasema ndizi bado zina chembe, akachukua mwiko mwenyewe akaponda tena.

Saa 7 na nusu

Baba Mchungaji akaingia jikoni, akasimama mlangoni. Nilijua. “Mama, ule wimbo wa baada ya mahubiri hauendi tena na mahubiri.”

Kalenda ya kanisa letu inaipa kila Jumapili wazo lake kuu, na nyimbo nilizipanga kwa wazo hilo tangu Jumanne. Lakini kisu kilichosimama Ijumaa usiku kilikuwa na maana: alikuwa amehama kutoka kwenye hukumu kwenda kwenye rehema. Nilikasirika, sitaficha. Wimbo mpya wa sauti nne saa mbili kabla ya mazoezi si jambo dogo. Nikamwambia anisomee ule ukurasa wa mwisho. Alisoma. Nilipomsikiliza mpaka mwisho niliona ana haki, wimbo wa zamani ungelifunga lile alilolifungua.

Nikampigia kifungua mimba Makumira. Ndani ya saa moja alinitumia kwenye simu sauti zote nne za wimbo mpya, ameziimba mwenyewe moja moja. Sauti ya tena ilipolia jikoni kutoka kwenye simu, Bibi alikaa chini kwenye kigoda akasikiliza mpaka ikaisha. “Aika,” akaiambia simu, asante kwa Kichagga.

Saa 8 na nusu

Mimi na binti tulipeleka hotipoti. Mtoto mzuri, mama ana maziwa ya kutosha. Tuliimba ubeti mmoja kwa sauti ndogo. Binti aliishika sauti ya pili mpaka mwisho, na mimi sikumwangalia nisije nikamtoa.

Saa 9 na nusu

Mazoezi. Vikombe vilipita kwanza, kisha tukapasha sauti, kisha wimbo mpya. Niliandika nota ubaoni, kila sauti peke yake, halafu mbili mbili. Naanza na besi na sauti ya pili, siku zote, kwa sababu hizo ndizo sakafu na ukuta. Sauti ya kwanza inaweza kusubiri, wao watalijua jambo lao hata wakiwa wamelala.

Kisha jaribio langu la kila Jumamosi: beti zote nne bila kinanda, na mwishoni nagonga Do kwenye kinanda tuone kama tumeshuka. Ubeti wa kwanza na wa pili walisimama. Wa tatu ukaanza kuzama, na nilisikia unapozamia, ni kwenye tena. Wawili wao walikuwa msibani na waliobaki watatu walikuwa wanalazimisha. Do ilipolia tulikuwa chini kiasi cha kusikika. Mtori hauwezi kuwa mtu aliyeko msibani.

Nilifanya nililoweza. Nilihamisha besi mmoja mwenye sauti ya juu aende upande wa tena, nikashusha wimbo mzima kutoka G hadi F, nikawaomba sauti ya pili waimbe taratibu zaidi ili tena wasikie njia yao. Tukarudia. Do ikalia, tukawa juu yake. Mwanakwaya mmoja mzee alifumba macho na kusema, “Hapo,” tukaacha papo hapo, maana wimbo ukishakaa si vizuri kuuchosha.

Saa 12 jioni

Kiburu. Ndizi na maharage yaliyochemka pamoja na magadi kidogo, yakapondwa nusu nusu, na sahani za mbogamboga pembeni. Hiki ndicho chakula cha baada, na hapo hakuna anayehesabu pumzi. Kitinda mimba aliomba tarumbeta ya kijana mmoja wa bendi, akapuliza mpaka mashavu yakauma, akapata sauti moja. Watu walimpigia makofi kwa hiyo sauti moja.

Saa 3 usiku

Sufuria imeoshwa na imegeuzwa juu ya mafiga. Bibi amelala. Baba Mchungaji yuko mezani anaandika upya ukurasa wa mwisho, na besi ya wimbo mpya inamtoka puani bila yeye kujua.

Nimeloweka maharage ya kesho. Nilipopita mlangoni kwa watoto, binti akaniita gizani.

“Mama, ule mpya, sauti ya pili inaanzia wapi?”

“Mi.”

Akaimba mi. Nikasimama pale na taa mkononi, nikamwimbia ya kwanza juu yake, taratibu, mpaka mstari wa tatu, na wa nne.