Kuku wa bibi yake

Pete za plastiki nilizinunua Ngamiani, Tanga, za rangi tano, zile za kupanga kwenye kijiti. Dada wa mazoezi ya viungo, anayemsaidia binti yangu, alisema mtoto azishike, azipange, ainuke kuzifuata. Binti yangu alizitazama mara moja, akazisukumia uvunguni. Mpaka leo ziko huko.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, hajasimama peke yake. Ana sindromu ya Down: kromosomu ya 21, moja ya nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, anazo tatu badala ya mbili, ndiyo maana siku ya kimataifa ya wenzake ikawekwa tarehe 21 mwezi wa 3. Misuli yao huwa milegevu. Ukimbeba anakuponyoka kama kanga iliyolowa. Wengi hutembea wakiwa na miaka miwili au zaidi, kwa hiyo kuchelewa hakukunitisha. Kilichoniumiza ni kwamba nikitandika tu mkeka wa mazoezi, anaanza kulia.

Siku moja dada akaniuliza, "Kabla hujamwita kwenye mkeka, huwa yuko wapi?"

Yuko kwenye banda la kuku la bibi yake. Anajiburuta kwa makalio mpaka pale, anashika waya, anawaangalia.

"Basi mkeka ukunje," akasema.

Baba yake akafudikiza ndoo mbele ya banda, juu yake akaweka trei ya mayai. Mimi nikatia punje moja ya mahindi kila shimo. Ili alishe kuku, sharti asimame ameegemea ndoo. Ili aitoe punje, kiganja hakifai, anahitaji kidole gumba na cha shahada. Punje ikianguka, achuchumae aifuate, ainuke tena. Yale yale ya mkekani, ila sasa nikimtoa ndipo analia. (Mikono tunaosha kwa sabuni kila mara, majirani msiniandame. Kinyesi cha kuku nakijua.)

Nilikuja kuharibu mwenyewe. Nilipoona anasimama, nikajifanya mwalimu: "Huyu nani? Sema kuku! Wako wangapi?" Akanigeuzia mgongo. Nilikuwa nimechukua mchezo wake nikaufanya mtihani.

Dada akanielekeza: shika kopo la mahindi, mtazame, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Kwangu mimi, mwanamke wa maneno, kumi ni safari ya Korogwe kwa miguu. Mama mkwe aliponiona nimesimama na kopo, kimya, akadhani nimenuna.

Siku ya tatu, nikiwa kwenye nane, binti alinyoosha mkono akafumba na kufumbua vidole, kama mdomo wa kuku unaodonoa. Nikampa punje papo hapo. Hilo likawa neno letu la "nipe": chai "nipe", ziwa "nipe", hata simu ya baba yake. Sauti ilifuata baadaye kidogo: "Ku." Jogoo ni ku, tetea ni ku, na bibi yake pia ni ku, naye anaitika.

Mwezi uliopita aliachia ndoo akapiga hatua mbili kumfuata kifaranga. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikaona ya pili tu.

Wiki hii kuku hana habari nao. Amehamia kwenye cherehani yangu, anakaa chini anatazama kanyagio linavyopanda na kushuka. Sindano nimeshazificha. Trei ya mayai nimeisogeza karibu, safari hii nimetia vifungo vikubwa, visivyoingia mdomoni.